Wamefunga ama Wamefungwa

Basi la kutoka Nuu lilikuwa halijashika barabara ya Mwingi vizuri wakati mama aliyekaa mbele yangu alipomgeukia jirani yake, muuza leso aitwaye Khamisa. "Kijana wangu Gachanja yuko chuo kikuu Nairobi. Ametuma dereva wa lori aniambie wamefungwa."

Usingizi uliniisha.

"Wamefungwa ama wamefunga?" Khamisa aliuliza. "Wakifunga ni likizo, Mama Gachanja."

"Likizo gani na walirudi juzi? Dereva alisema wamefungwa, na kila wiki atapiga ripoti kwa chifu."

"Aliyefungwa atapigaje ripoti akiwa ndani? Ni chuo kilifungwa. Huu mwaka wamerusha mawe, wakatumwa nyumbani mara mbili."

"Haya. Sasa hiyo nyumbani mbona hajafika?"

Khamisa akaanza kupanga upya leso ambazo zilikuwa zimepangwa. Mimi nilikuwa na maoni, lakini hakuna aliyeniuliza.

Basi liliposimama Mwingi, mama alishuka na kikapu chake cha githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akamshika utingo mkono. "Magari ya Nairobi hupita hapa saa ngapi? Na polisi hufunga saa ngapi?"

"Polisi hawafungi, mama," utingo alisema. "Wao hufunga watu."