Tezo Chini ya Kitanda

Pantoni ilikuwa imeshaondoka Magogoni Rosalia alipomsikia mzee wa benchi la mbele akimwambia jirani yake, "Kisukari kilinikausha mapaja, nikajua ndo safari. Kumbe ni wanangu, walionikataza kila kazi. Hata maji ya kuoga walikuwa wananiletea. Tuliambiwa uhuru na kazi, mie wakanipa uhuru mtupu."

"Hiyo heshima, mzee mwenzangu," alijibu yule wa pili, mwenye kanzu. "Mgonjwa hupumzishwa."

"Daktari kakataa. Kasema nyama isiyotumika huisha, na kisukari huiharakisha. Nile kunde na samaki, nirudie jembe polepole. Sasa nainuka mwenyewe."

"Daktari kijana huyo. Uzee ataujulia wapi?"

Rosalia alishusha pumzi aliyoibana tangu Pasaka. Baba yake, mchonga vinyago mwenye kisukari, alikuwa akinyauka mikono, na majirani walishaanza kumtaja kwa sauti ya matanga. Rosalia mwenyewe, kwa mapenzi, alimfichia tezo yake ya kuchongea chini ya kitanda ili apumzike.

Wazee walikuwa bado wanabishana pantoni ilipogusa Kigamboni. Yule aliyerudia jembe aliinuka bila kushika kitu. Rosalia akampisha, kisha akaharakisha kwenda nyumbani, akiomba tezo isiwe imeshika kutu.