Kabla Majina Hayajasomwa

Mbukwenyi, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mbio gari moshi likilia. Nawaona. Mwaka jana nilikaa hapohapo.

Watu hushuhudia wakishavuka. Mimi nimemwomba mwalimu nisimame leo, kabla majibu yetu hayajafika, kwa sababu yakishafika mtasema huyu anashukuru kwa kuwa ameshinda, au anajifariji kwa kuwa ameshindwa. Ninalotaka kusema ni kweli hata saa hii, ambapo sijui lolote.

Kwa wasiojua, Wadachi wa reli wanataka vijana wachache wa kufundishwa kazi ya simu, hii ya waya unaopita kando ya reli. Anayeitaka hufanya mtihani bomani, mtihani wa elimu ya nguvu za vitu: joto, mvuke, sumaku na umeme. Tunaofanya ni wengi, nafasi ni za kugombania.

Mwaka jana maswali ya mdomo niliyajibu vizuri. Niliulizwa kwa nini vipande vya reli havigusani, nikasema chuma hutanuka juani. Kwa jua hili letu, nani asingejua? Kisha ikaja kazi ya mikono, kutengeneza beteri. Unachukua gudulia la kioo, chini unaweka shaba na mrututu, ile chumvi ya buluu, unamimina maji taratibu, juu unaning'iniza zinki. Maji ya buluu hubaki chini, meupe hubaki juu, na yakikaa hivyo bila kuchanganyika, umeme hupita. Ukishamaliza, kazi inayobaki ni kuliacha gudulia likae. Ndugu zangu, nawaambia, hiyo ndiyo iliyonishinda. Nililinyanyua nione kama imekubali. Nikaliweka. Nikalinyanyua tena. Buluu ikapanda mpaka juu, na sindano ya kipimo ikashtuka kidogo, ikalala.

Nilirudi nyumbani Nkuhungu nikijipa moyo kwamba labda wenzangu wametikisa zaidi yangu. Mnacheka, lakini ndivyo tunavyosubiri majibu, kila mtu anawaombea wenzake wafanye vibaya kidogo.

Sasa baba yangu. Yuko pale nyuma, yule mwenye fimbo, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kuingia humu kanisani. Baba aliwahi kuona watu wakiingia bomani kwa habari ya kodi, wakatoka wameshika viuno kwa viboko. Aliponiona narudi natembea wima, aliwaita majirani na kumchinja dume lake kubwa.

Nikamwambia, "Baba, bado. Tunasubiri majibu."

Akasema, "Majibu gani tena? Umeingia bomani, umetoka, hujala viboko hamsa ishirini. Hayo ndiyo majibu."

Nilibishana naye, lakini ng'ombe alikuwa ameshalala chini. Watu wakala, wakacheza, wakaniita Bwana Simu. Na mimi, kusema kweli, jina lilinikaa vizuri. Kufika jioni nilikuwa naitika.

Siku ya majibu tulikwenda stesheni, baba mbele na majirani nyuma. Karani akasimama kwenye ngazi akasoma majina. Alipofunga mdomo, jina langu halikuwamo. Baba akaniuliza kwa sauti, mbele ya watu wote, "Mbona hajakuita?" Hakuniuliza kwa ubaya. Hakuelewa tu. Lakini nilitamani ardhi ipasuke.

Sikurudi nyumbani. Nilifuata reli mpaka Bahi, alikoolewa dada yangu, nikamwambia nimekuja kumsaidia kuchunga. Nilikaa huko majira mazima. Chakula kilikuwa hakishuki. Sala niliacha. Nikisikia gari moshi linapita, nilijificha nyuma ya ng'ombe, kana kwamba abiria wote wananijua. Usiku niliwaza nijiunge na wapagazi, niende mahali ambapo hakuna aliyekula ile nyama.

Dada yangu ana ulimi, wanaomfahamu wanajua. Jioni moja alinisukumia sahani ya ugali wa uwele na mlenda, akasema, "Mdogo wangu, kama hutaki kula, basi nieleze hilo gudulia lako. Nimechoka kulisha mtu asiyesema."

Nikamweleza yote, nikiwa na hasira, mpaka mahali nilipotikisa.

Akauliza, "Yakishachanganyika ndiyo basi?"

"Yale maji ndiyo basi. Unayamwaga."

"Na shaba?"

"Shaba haina neno. Unaiosha, unamimina maji mengine."

Alinitazama, akaanza kucheka. "Basi wewe umelala hapa kwangu miezi yote hii unalilia maji." Nikatazama sahani yangu. Nilikula, ndugu zangu. Nilikula mpaka nikaramba vidole.

Kesho yake dada alituma habari Nkuhungu, na baba akaja kwa miguu. Nilimwona kwa mbali nikaogopa, maana dume lile lilikuwa la kutegemewa. Nikamwamkia nikiwa nimeinama. Baba akakaa chini kando yangu, akasema, "Nilikutazama mgongo nikaona mzima. Sikujua kuna kuchapwa kwa ndani. Nisamehe, mwanangu. Twende nyumbani."

Hapo ndipo nilipolia, na hapo ndipo nilipopona.

Nilirudi kwa mwalimu, akanipokea bila kuniuliza nilikuwa wapi, akanipa gudulia lilelile. Mtihani wa safari hii nimeufanya. Nilipomaliza kumimina maji, niliweka mikono nyuma ya mgongo, nikaushika mmoja kwa mwingine. Sindano ilikwendaje, hilo tutalisikia stesheni.

Nakushukuru, mwalimu. Nakushukuru, dada, uliyetoka Bahi na mtoto mgongoni kuja kusubiri na mimi. Nakushukuru, baba. Na Mungu, niliyemnyamazia naye hakuninyamazia.

Ninyi wa mlangoni, neno langu ni hili. Majina yakisomwa, wako kati yenu ambao hawataitwa, na pengine nami ni mmoja wao. Lieni, lakini lieni nyumbani. Msifuate reli.

Jana nilimwona baba amemfunga ng'ombe peke yake kando ya tembe. Nikamwambia, "Baba, jamani, bado hatujasomewa."

Akasema, "Yule wa kwanza alikuwa wa boma. Huyu ni wa kurudi kwako kutoka Bahi, nilikuwa sijamchinja."

Kwa hiyo jina lisomwe, lisisomwe, leo jioni nakula kwa baba yangu. Karibuni wote.