Mzee Weldon Kipketer Sigei na Mlio Alioumaliza, 1949–2008

Mzee Weldon Kipketer Sigei alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Keringet, upande wa Molo, mtoto wa tatu wa marehemu arap Sigei na marehemu Tabutany. Ninayesoma ni Chepngeno, kifungua mimba wake. Nikisimama katikati, mnivumilie.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Keringet, kisha sekondari Molo hadi mwaka 1968. Alisifika kwa utundu, kwani hakuna redio iliyoingia kijijini ikatoka bila yeye kuifungua. Baadaye alijifunza umeme wa ndege katika karakana za uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, akahitimu mwaka 1974.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, Rachel Cheptanui, na Mungu akawajalia watoto watatu. Mama husema aliposwa na mtu aliyekuwa na bisibisi mfukoni mwa suti. Baba hakuwahi kukanusha.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika uwanja mdogo wa ndege karibu na Njoro, kutunza umeme wa ndege za kunyunyizia ngano dawa. Huko ndiko alikokutana na Kapteni Harbans, rubani kutoka mtaa wa Section 58 mjini Nakuru. Kwa miaka thelathini walitaniana kama mashemeji.

Kilichomkera Baba siku zote ni mlio. Jenereta ya ndege inapozunguka, mlio mwembamba hupita kwenye nyaya hadi kwenye hedifoni za rubani, ukamchosha kutwa nzima. Baba aliunda kisanduku kilichousikiliza ule mlio na kutoa mwingine wa kinyume chake, kila ule wa kwanza unapopanda huu unashuka, mpaka yote miwili ikamalizana. Alitueleza kwamba ni kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaovutana kamba: kamba haisogei. Alikijaribu kwanza kwenye spika za kanisa letu. Mchungaji Makokha alishukuru, ila akasema sasa anasikia vizuri mno wanaokoroma wakati wa mahubiri.

Mapema mwaka 2007 alikifunga kwenye ndege ya Kapteni. Kapteni alisita.

"Weldon, huo mlio ndio huniambia jenereta iko sawa."

"Si mita iko mbele yako, Kapteni? Angalia mita."

Rubani wa dawa huangalia ngano, haangalii mita. Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na angeweza kuongeza taa ndogo ya kuonya. Alisema ataiweka msimu ukiisha.

Tarehe 9 Agosti 2007 jenereta ilikufa angani. Kapteni alisikia kimya, akadhani ni kisanduku kinafanya kazi yake. Betri ikaisha, redio ikazimika. Chini, Baba alikuwa akimwita kwenye redio asitue kwa sababu mvua ilikuwa imejaza maji uwanjani, lakini hakuna kilichomfikia. Ilipotua, ndege ilipinduka. Kapteni alivunjika nyonga, na hataruka tena.

Tangu siku hiyo Baba hakugusa waya. Wachunguzi walisema kosa ni la rubani, yeye akasema hawajui wanachosema. Alikwenda hospitalini Nakuru mara kadhaa, akafika langoni, akarudi. Kapteni alipopiga simu, Baba alitoka nje ya nyumba. Tulimsihi sana. Inauma kusema, lakini ni kweli: mtu aliyeacha kila kitu ili rubani asikie vizuri, yeye mwenyewe alikataa kumsikia.

Kapteni aliamua kuja nyumbani kwa magongo mwezi wa Januari. Mnakumbuka barabara zilivyofungwa Januari hiyo kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Zilipofunguka, Baba alikuwa amepigwa na kiharusi, tarehe 19 Februari 2008, na hakutujua tena. Kapteni alikuja hivyo hivyo, akaketi kando ya kitanda.

"Weldon, mita ilikuwa mbele ya macho yangu, na mimi ndio sikuangalia. Wewe unajifungia huku kwa nini?"

 Hatujui kama maneno hayo yalimfika Baba. Aliaga dunia nyumbani tarehe 27 Mei 2008, alfajiri, Mama akiwa amemshika mkono.

Amemwacha mjane wake, Rachel Cheptanui, watoto wake Chepngeno, Kiplangat na Jemutai, wajukuu watano, ndugu, wakwe na majirani wa Keringet na Njoro. Amemwacha pia Kapteni Harbans, aliye hapa nasi, na ambaye familia imemwomba atie udongo pamoja na watoto.

Lala salama, Baba. Kapteni hana neno nawe. Hakuwahi kuwa nalo.