Dada Tochi na Mwisho wa Fundi

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, kifungua mimba wa baba seremala na mama mshonaji. Mimi ninayewasomea wasifu huu ni mdogo wake, kitindamimba. Alipokuwa mgonjwa alinipa masharti ya leo: nisilie, na nisitie chumvi. La kwanza nitajitahidi. La pili lilimshinda hata yeye mwenyewe.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971 na kidato cha nne mwaka 1975. Darasani alikuwa wa katikati, ila kwa kusimulia hakuwa na mpinzani. Siku moja aliitwa mbele arudie somo la historia, akalirudia kwa sauti zote: ya mfalme, ya askari, hata ya farasi. Mwalimu akamkatiza, “Wewe, kaa chini! Mfalme umeshamuua mara mbili!” Akajibu, “Mwalimu, mara ya kwanza wa nyuma hawakusikia.” Alifagia darasa wiki nzima kwa jibu lile.

Machi 1976 aliajiriwa kwenye jumba la sinema, kazi yake kuwaonyesha watu viti gizani. Ndipo alipopata jina la Tochi, mnalolijua wote hapa. Ukichelewa alikumulika miguuni, akakuongoza hadi kitini, huku akikunong'oneza yote yaliyokupita. Ukipandisha miguu kwenye kiti cha mbele, alikumulika usoni, na hapo aibu ni yako. Filamu moja aliiona jioni baada ya jioni mpaka akawa anawatangulia waigizaji. Zile zilizozomewa na watu, zikaondolewa upesi, ndizo alizozipenda zaidi. Alisema, “Hizi watu watakuja kuzitafuta.” Na kweli wakaja kuzitafuta.

Alifunga ndoa tarehe 14 Novemba 1981 na fundi bomba aliyeletwa kutengeneza vyoo vya jumba lile. Dada ndiye aliyemshikia tochi. Fundi alikuwa hajawahi kuangalia filamu hadi mwisho, basi dada akamsimulia moja huku jamaa akiwa ameinama chini ya sinki. Kuanzia siku hiyo mabomba ya pale yalitengenezwa hata yasipovuja. Meneja aliuliza, “Huyu fundi analipwa na nani?” Mungu akawajalia binti mmoja, na ndoa hiyo ilidumu mpaka juzi.

Jumba lilifungwa mwaka 1998 likageuzwa duka la vigae. Fundi aliitwa kubadilisha mabomba, akarudi nyumbani na viti viwili vya sinema vilivyoungana, vyekundu, kimoja kikilia ukikikalia. Dada akafungua duka la kukodisha kanda, akaliendesha mpaka mwaka 2012. Kisha presha ya macho ikamwandama, na mwaka 2015 ikamaliza kazi. Hakuona tena. Aliacha hata kuulizia filamu, na sisi tulioijua sauti yake tuliogopa ule ukimya kuliko upofu wenyewe.

Aliyemtoa huko ni Fundi. Jumapili moja alimkalisha kwenye viti vile, akawasha filamu, akaanza kumsimulia. Jamani, shemeji yangu na maneno ni vitu viwili tofauti! “Mtu kaingia,” alisema. “Kakaa. Sasa analia.” Dada akauliza, “Analia nini?” Fundi akasema, “Hajasema bado.” Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Toka siku hiyo hawakuacha.

Mwaka 2018 binti yao, ambaye ni fundi mitambo wa redio, alitundika mablanketi kwenye stoo ya mabomba, akaweka maiki, na podikasti ya Tochi ikaanza. Walikuja wageni wa kila namna: daktari wa meno, dereva wa lori, mchungaji, mama muuza nguo. Kila mmoja alikuja na filamu ya zamani aliyoipenda. Sharti lilikuwa moja tu, ubishe. Ukikubali kila kitu, dada alimwambia Fundi, “Mwondolee huyu chai.”

Siku moja alikuja mwalimu mstaafu wa chuo cha filamu. Walijadili filamu ya ndugu wawili waliogombana, wakanaswa na theluji kwenye kibanda cha mlimani. Nayo ilizomewa huko ilikotoka, haikufika kwenye jumba lile, hivyo dada alikuwa hajaiona, alisimuliwa na Fundi. Akausifia hasa mwisho wake: ndugu wanaziba paa, wanachemsha chai, wanapatana. Mgeni akajikohoza. “Mama, samahani. Paa linawaangukia. Wanakufa wote wawili.”

Fundi alikuwa pale pale, hedifoni masikioni, akitamani ardhi ipasuke. Ikajulikana kwamba miaka yote ile, filamu ikiisha vibaya, alikuwa anairekebisha. Maskini, kazi yake ni hiyo, hawezi kuacha kitu kimeharibika akaondoka. Dada angeweza kumwaibisha mbele ya wasikilizaji wote. Akasema, “Mwalimu, mimi nilijua siku nyingi. Ni filamu gani ya vita inayoishia watu wanaziba bomba? Lakini nyie mliangalia. Mimi nilisimuliwa na mtu anayenipenda, na wake ndio mwisho wangu.” Kuanzia hapo kila kipindi kilifungwa na Mwisho wa Fundi, dada akiusimulia jinsi mumewe alivyourekebisha, na wapo waliosikiliza kwa ajili ya huo tu.

Februari mwaka 2024 alianza kuumwa. Ilikuwa saratani ya ini, na kufikia Julai madaktari waliiambia familia kwamba matibabu yamefika ukingoni. Yeye hakuambiwa. Sote tulimwimbia wimbo mmoja, utapona, utapona, naye alituacha tuimbe. Kila mchana Fundi aliweka kompyuta kitandani, akamsimulia filamu ya zamani ya mwanamke mkuu wa stesheni ndogo ya treni, aliyepungia bendera kila treni iliyopita. Alimkatia vipande vidogo vidogo, kama vile filamu isipoisha na yeye hataondoka.

Mchana mmoja, nikiwa pembeni nakunja mashuka, dada alimwambia, “Fundi, hii inaishaje? Nataka mwisho wenyewe. Usinirekebishie kitu.”

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama mashuka. Sote watatu tulijua anachouliza si filamu tu.

“Anakufa, mke wangu,” Fundi akasema. “Anafia kwenye kiti chake, treni ya mwisho ikiingia.”

“Na bendera?”

“Mumewe anaichukua. Anaipunga yeye.”

“Anajua kuipunga?”

“Hajui. Lakini anaipunga.”

Dada akatabasamu, akamshika mkono. “Asante,” akasema. “Sasa tuongee.” Na tukaongea kweli, siku zote zilizobaki, bila kufichana. Alimuaga binti yake vizuri, akawachekesha wajukuu, akanipa masharti yangu. Alifariki nyumbani mchana wa tarehe 22 Agosti 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Fundi. Namshukuru shemeji yangu mbele yenu wote. Sisi ndugu wa damu neno la kweli lilitushinda, yeye asiye na maneno akaliweza.

Ameacha mume, binti na mkwe, wajukuu wawili, kaka mmoja, mimi, na wasikilizaji ambao wengine ndio kwanza wanaiona sura yake leo. Podikasti haifungwi. Fundi amekubali kukaa mbele ya maiki. Hajui. Lakini atakaa.

Tazameni, nimelia, na kosa ni lake. Maisha yake yote Tochi aliwaongoza watu gizani mpaka kwenye viti vyao. Leo tumekuja kumwonyesha chake. Akae kwa amani.