Askari wa Jeptoo na Miguu Yake Mizito

Kila Ijumaa, siku ya mapumziko hapa Doha, ibada za kanisa zikishamalizika kule Mesaimeer, benchi la chuma lililo ubavuni mwa kibanda cha karak, chai nzito ya maziwa na iliki, mtaa wa Abu Hamour, huwa na wenyewe. Kuna Mutai, mlinzi, anayeitwa Kumi na Mbili kwa sababu ya saa za shifti yake. Kuna Nahashon, dereva wa familia moja, anayeitwa Kruza kwa gari analoliendesha na kulisifu kana kwamba ni lake. Na kuna Terry, muuguzi, Sista Dripu. Ijumaa hii, ya tatu mfululizo, walikuwa wamebanana mbele ya kompyuta ya Jeptoo, ambaye hakuwa amegusa chai yake. Jumapili saa mbili asubuhi angesimama mbele ya watu wanne katika ofisi moja Al Sadd, awaonyeshe mchezo wa kompyuta alioutengeneza mwenyewe, nao waamue kama watamwajiri. Ni mchezo wa kulenga shabaha, ule unaoutazama kwa macho ya askari: mwili wake huuoni, unaona mikono miwili, mtutu, na korido ndefu mbele. Tatizo lilikuwa miguu.

— Bado mzito, alisema Mutai, kidole kikiwa kwenye kitufe cha kwenda mbele. Nabonyeza, anafikiria kwanza, halafu ndio anatoka.

Jeptoo aliandika kwenye daftari: *bado*. Ijumaa ya kwanza kasi ya kuanzia ilikuwa arobaini na sita. Wakasema mzito. Akaipandisha hadi hamsini na mbili, kisha sitini na moja. Ajabu ni kwamba chumbani kwake askari huyo huyo aliteleza kama aliyekanyaga sabuni. Alikuwa ameshaanza kushuku vidole vyake mwenyewe.

— Mimi sioni shida, alisema Nahashon. Gari ya maana haikurushi ukikanyaga mafuta. Inajikusanya kwanza. Huyu ana injini kubwa.

— Kruza, huyu ni mtu! alisema Terry.

— Hata mtu ana gia.

— Niulizeni mimi, alisema Mutai. Huyu ni soja mwenzangu. Amesimama getini tangu alfajiri, miguu imevimba ndani ya buti. Unataka aruke kama mbuzi?

— Miguu iko sawa, alisema Terry. Angalia vile picha inarukaruka akitembea. Hilo ni sikio la ndani. Anasikia kizunguzungu, ndio maana anajishika.

— Sista, sasa utamwekea dripu? aliuliza Nahashon.

— Nikiweza, ndiyo.

— Hapana, mmekosea wote. Mutai alishusha sauti. Huyu amemaliza miaka miwili na hajapewa likizo. Jeptoo, mwekee tiketi ya Eldoret mfukoni uone atakavyotimua hiyo korido.

Walicheka mpaka karak ikamwagika. Jeptoo alijaribu kucheka. Siku mbili zilibaki, na hakujua tena kama aongeze au apunguze.

Hapo akaja msichana mwenye sare ya dobi wa hoteli, simu mkononi. Alisema anaitwa Charity, ana wiki mbili tu Doha.

— Samahani wenyeji. Hapa mtu huchaji wapi?

Walitazamana. Mutai alichungulia chini ya benchi. Nahashon alitazama mlingoti wa taa. Miaka yote hiyo, na hakuna aliyejua.

— Imebaki asilimia sita, alisema Charity, akichungulia kompyuta yao. Na ikifika hapo inakuwa nzito kama huyo mtu wenu.

Jeptoo aliganda. Kisha macho yake yalishuka taratibu hadi pembeni mwa skrini, kwenye alama ndogo ya betri.

Nyumbani kompyuta ilikuwa kwenye umeme daima. Hapa, Ijumaa zote tatu, ilitegemea betri na ilikuwa ikijibana ili isizime, kila sekunde ikichora nusu ya picha inazochora nyumbani.

— Sadiki, rafiki yangu! Jeptoo alimwita muuza karak. Nipe umeme dakika tano tu, tafadhali!

Muuza karak alichomoa mashine ya juisi huku akinung'unika. Waya ulipita juu ya mapaja ya watu watatu. Jeptoo alirudisha nambari ya kwanza kabisa, arobaini na sita, akamsogezea Mutai kompyuta.

Mutai alibonyeza. Askari alitoka palepale. Mutai aliinua kidole, na askari akasimama mlangoni, kwenye kizingiti hasa.

— Eh. Huyu sasa ni mimi siku ya ofu.

— Si nilisema ana injini? alisema Nahashon.

— Alihitaji dripu, alisema Terry. Si ndiyo hiyo imepita mapajani mwangu?

Jeptoo alicheka, safari hii kwa tumbo lote, mpaka akalazimika kufuta macho kwa kitambaa chake cha kanisani. Wiki tatu, na askari wake hakuwa na ugonjwa wowote. Alihifadhi kazi yake, akapiga mistari miwili juu ya sitini na moja daftarini, akachomoa waya wake.

— Charity, lete chaja, alisema. Mimi nimemaliza.

Kisha akainua karak yake. Ilikuwa imepoa kabisa, akainywa yote.