Mama Kipande, Aliyeukagua Moyo wa Chuma

Marehemu, ambaye kiwandani hawakumwita ila Mama Kipande, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba ya pili nyuma ya karakana ya reli, kitinda mimba wa makanika na mshona nguo.

Mwaka 1982 alipata stashahada ya maabara, msichana pekee darasani. Mwalimu alimwonya kuwa kiwanda cha chuma si jikoni. "Ndiyo maana naenda, mwalimu. Kupika sijui." Sisi tuliokula kwake ni mashahidi.

Aliajiriwa tarehe 3 Januari 1983. Kazi yake ilikuwa kukata kipande cha gogo la chuma lililotoka kwenye mtambo wa kumimina, kukichovya katika asidi ya moto, na kutazama ndani. Nje gogo huwa laini. Katikati huenda lina tundu. "Uzuri wa mkakasi," alizoea kusema, na kulikataa.

Tarehe 20 Agosti 1988 aliolewa na fundi aliyeendesha mtambo huohuo. Juni 1994 ndoa ilitiwa mtihanini. Chuma cha ekseli za treni kilitoka na tundu katikati, vipande vitatu mfululizo. Alimtaka mumewe apunguze mwendo na joto, moyo wa chuma upate kugandamana. Lakini joto likishuka mno, chuma huziba mdomo wa mtambo, na tani za chuma cha moto zilizoko juu hazina pa kwenda.

"Mke wangu, unataka kunizika?"

"Sitaki wazikwe abiria."

Siku tisa walisalimiana kupitia watoto. Siku ya kumi mume alipunguza. Mkewe aliambiwa asogee mbali; hakusogea. Mkondo wa chuma ulikonda ukawa kama kidole. Msimamizi akapiga kelele, "Ongeza!" Mume akamtazama mkewe.

"Shikilia hapohapo, baba watoto."

Dakika nne. Kisha chuma kilichoanza kuganda mdomoni kikayeyuka, mkondo ukajaa. Kipande cha siku hiyo kilikuwa kizima hadi katikati. Hakushangilia, aliketi juu ya ndoo.

Novemba 2022 figo zilianza kumsumbua. Alidai kuambiwa ukweli wote, akaambiwa, kisha akamwomba mumewe asitoke chumbani. Aliogopa, hatuna haja ya kuficha. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na kaka mkubwa anayesoma maneno haya, aliyetegemea mdogo wake ndiye amsomee yeye.

Alale pema, na amani imfunike.