Lifute Tena: Miaka Thelathini na Miwili ya Fundi Pasi

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Mkuu wa Idara ya Stika wa karakana yetu ataitundika aproni yake kwenye msumari kwa mara ya mwisho. Ametumika hapa miaka thelathini na miwili kamili. Alichelewa kazini mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa anajifungua.

Wengi mnamwita Fundi Pasi, na wapo wanaodhani hilo ndilo jina lililo kwenye kitambulisho chake. Jina alipewa na fundi rangi wa zamani, aliyesema kwamba mkono wa binti huyu ukipita juu ya stika haubaki mkunjo, kama umepita pasi ya moto. Kamati ya sherehe imeniomba niandike mimi. Niliishia darasa la saba, sitawadanganya. Lakini nilipika chai na kufagia ofisi za karakana hii miaka kumi na minane, na huyo mstaafu nilimzaa mimi. Kama yupo anayemjua zaidi, na anyooshe mkono.

Alianza akiwa na miaka ishirini na mitatu, kwenye meza ya kukata herufi. Enzi hizo gari halikuvalishwa stika mwili mzima. Liliandikwa jina la mwenyewe mlangoni na namba ya simu, basi, linaondoka. Maroli yale makubwa ya stika yalipoingia, mafundi wakubwa wakayaogopa. Walikuwa wanabandika huku wanavuta, wanavuta, mpaka gari linatoka na makunyanzi kama shati lililolaliwa. Wakasema haya mambo hayatadumu.

Mwanangu alikuwa anaokota vipande vilivyobaki na kuja navyo nyumbani. Alivalisha friji. Alivalisha mlango wa kabati. Birika langu lilivaa buluu, na mdomo wa lile birika ndio uliomfundisha kona zote za bampa mnazomsifia leo. Marehemu baba yake aliamka siku moja akakuta redio yake nyeusi imegeuka kijani. Akaizungusha, akaitazama nyuma, akatafuta mahali stika ilipoanzia, hakupaona. Akasema, "Mwanangu, kazi nzuri. Ila mimi usinibandike."

Kazi iliyomtoa na kumpa sifa ni ile ya kurekebisha madudu ya watu wengine. Magari yalikuja hapa yanatia huruma: stika imejaa malengelenge, kingo zimeinuka zinapepea, kona za vioo vya pembeni zimejivuta kama suruali iliyopanda juu ya vifundo. Mengine stika ilikatwa kwa kisu ikiwa juu ya gari, rangi ya chini ikachanjwa. Nakumbuka bwana mmoja aliyefika na gari la namna hiyo, akasimama katikati ya karakana akipiga kelele anataka fundi, na si mtu wa kumshikia kikombe. Pasi akafuta mikono. "Fundi ndiye unayempigia kelele, baba. Sasa punguza sauti, gari lenyewe limeshaumia." Siku ya tatu bwana yule alilizunguka gari lake mara nne, akapitisha ukucha kwenye kingo zote. Tangu hapo alikuwa akija na maandazi na maneno matamu tu: dada fundi hivi, dada fundi vile.

Huo ukucha ndio desturi ya kazi yake. Gari halitoki hapa mpaka mtu mwingine, asiye yeye, apitishe ukucha kwenye kila ukingo. Ukucha ukinasa, stika inabanduliwa. Na desturi ya pili mnaijua nyote, imeandikwa kwa mkono wake juu ya beseni la kunawia: HATA KAMA LIMEFUTWA NA MAMA YAKO MZAZI, LIFUTE TENA. Mafundi kumi na tisa aliowafunza wameyakariri maneno hayo siku ya kwanza. Wote hucheka. Hakuna aliyewahi kuniuliza maneno yametoka wapi, na mwenyewe hajawahi kusema. Leo nitasema mimi.

Ilikuwa mwaka wake wa kumi na moja. Lililetwa basi la kliniki ya macho, lile la kutembea na madaktari, livalishwe buluu mwili mzima na jicho kubwa ubavuni. Lilitakiwa kuzinduliwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Bosi wa wakati ule alikuwa ameshamwahidi Pasi ukuu wa Idara ya Stika, na hakuna mwanamke aliyewahi kuwa mkuu wa idara yoyote hapa. Basi hilo ndilo lilikuwa mtihani.

Jumatatu jioni alilifuta lote kwa spiriti, likakauka, akaenda zake. Jumanne akabandika na wenzake wawili kutwa nzima, likapendeza kuliko gari jipya. Jumatano jua lilipopanda, likaanza kuvimba. Malengelenge makubwa kama yai. Kingo za milango zikajikunja nje. Fundi wa karakana ya ng'ambo ya barabara alivuka kuja kutazama, mikono mfukoni, akawaambia watu kwa sauti ya kusikika, "Mwanamke kalivalisha basi nguo, sasa basi linajivua."

Watu wakacheka. Bosi hakucheka. Alimwambia mbele ya wote kwamba Jumamosi saa tatu lisipokuwa sawa, ukuu anampa mwingine, naye arudi meza ya kukata herufi. Na roli la buluu lililobaki lilitosha kulivalisha mara moja tu. Kosea mlango mmoja, imekula kwako.

Pasi alilizunguka basi polepole. Akaona jambo ambalo wengine hawakuliona: juu, karibu na paa, stika ilikuwa imetulia tuli. Uvimbe wote ulianzia chini na kuishia kwenye mstari mmoja, pande zote mbili, kama maji yaliyojaa mpaka hapo yakakoma. Alinyoosha mkono wake juu, ukaupita ule mstari. Akabandua kipande, akainama, akanusa bati.

Likanuka limau.

Ndugu zangu, kwenye karakana nzima kitu kinachonuka limau kilikuwa kimoja: chupa ya mafuta niliyokuwa nang'arishia meza za ofisi. Na mtu mfupi kuliko wote alikuwa mimi.

Jumanne ile nilifungua mlango alfajiri kama kawaida, nikakuta basi la mwanangu limepauka kwa ile spiriti, lina ukungu ukungu. Nikasema daktari mkuu atakuja kuliona likiwa hivi? Nikachukua chupa na kitambaa, nikalisugua pande zote mbili hadi mkono ulipofika, likang'aa mpaka nikajiona meno. Nikarudi jikoni najisifu. Sikumwambia, nilitaka ashangae. Na kweli alishangaa.

Alikuja jikoni nikiwa naosha vikombe. Alikuwa ameishika ile chupa. Akaifunga kifuniko vizuri, akaiweka rafuni pake, akasema, "Mama, meza za ofisi ni zako. Mabasi niachie mimi." Hapo ndipo nilipoelewa. Nikakaa juu ya ndoo. Nikamwambia naenda kwa bosi sasa hivi. Akanishika bega. "Ukienda watakufukuza wewe, na mimi watasema siwezi kazi bila mama. Kulifuta gari asubuhi ya kubandika ni kazi ya fundi. Sikulifuta. Tulia."

Akatoka akamwambia bosi maneno hayo hayo, kasoro mama: kosa ni lake, hakufuta asubuhi. Nilimsikia kupitia dirisha la jikoni. Mimi ni mwepesi wa kusema, mnanijua, lakini siku ile nilimeza maneno kama vidonge.

Alhamisi walibandua. Stika ikipashwa moto inatoka kwa upole, lakini gundi inabaki, na ilibidi isuguliwe yote hata huko juu. Vitambaa alinipa mimi nivifue na kuvikamua, vile visivyotoa nyuzi. Hakuninyima kazi, hakuninunia. Kila nilipompelekea kitambaa alisema, "Asante, mama," kama siku nyingine yoyote. Mafuta yangu yalifutwa kwa spiriti mara moja, mara mbili, mara tatu, na kila mara alinusa.

Ijumaa kabla ya jua kuchomoza alifuta tena. Ndipo alipolifungua lile roli la mwisho. Hakuvuta. Aliiacha stika ilale yenyewe, anaipasha, anaisukuma na kibao chake kutoka katikati kwenda nje, kidogo kidogo, hewa inatoka mbele ya mkono wake. Kwenye mlango wenye jicho nilishindwa kutazama, kitasa kilikuwa hapo hapo kwenye mboni. Nilipofumbua macho yangu, jicho la basi lilikuwa limeshafumbuka pia. Roli lilibakiwa na kipande cha ukubwa wa taulo. Kazi ilipokwisha, basi lilikaa juani saa nane, saa tisa, saa kumi, na Pasi amekaa mbele yake kwenye kigoda changu cha chai. Halikuvimba hata mahali pamoja.

Jumamosi daktari mkuu, mama mmoja mwenye miwani minene, alipewa apitishe ukucha. Alianza mlango wa mbele, akazunguka basi zima, haukunasa. Bosi naye akapitisha. Mwisho fundi wa ng'ambo, aliyekuja kuona tunavyoaibika, akaambiwa karibu na wewe. Alikwaruza, akakwaruza, akasema kucha zake amezikata jana. Basi zima la madaktari lilimcheka! Na mbele yao wote bosi akamkabidhi mwanangu funguo za stoo ya stika. Funguo hizo amezishika miaka ishirini na moja.

Basi lile lilitembea miaka minane likiwa na buluu ile ile. Lilipochakaa injini, watu wa kliniki walituletea mlango wake, ule wenye jicho, na ndio ulioko ukutani pale mapokezi. Maandishi ya juu ya beseni aliyaandika Jumatatu iliyofuata. Wenzake walipomuuliza mama mzazi ameingiaje, alisema, "Mfano tu." Miaka ishirini na moja anasema ni mfano tu.

Basi leo iandikwe kwenye kitabu hiki cha sherehe, isomwe na wote, pamoja na wale waliokuwepo wakacheka: lile basi la kwanza halikuharibiwa na Fundi Pasi. Lilivimbishwa na chupa yangu ya limau. Yeye alilitengeneza, akabeba lawama mabegani, na hata siku moja hakunikumbusha.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na mafundi kumi na tisa, na mume wake anayesubiri kwa hamu gari lake mwenyewe livalishwe hatimaye, tunakushukuru, Mkuu. Uondoke na afya, usingizi wa asubuhi uufaidi, na wajukuu wakuzunguke mpaka uchoke kuhesabu. Birika langu bado ni la buluu, lakini karibu na mpini limeanza kupauka, kwa hiyo kuanzia tarehe moja nakungojea.

Mlango wa basi umeshushwa kutoka ukutani na kusimamishwa penye lango la ukumbi. Wageni wote mnaombwa mnapoingia mpitishe ukucha. Nimeufuta asubuhi hii kwa mkono wangu. Naye, nimemwona kwa macho yangu, amepita nyuma yangu akaufuta tena.